Msamaha wa Mtu Aliyetulia

Nderingo alikata jani la sale mwenyewe kwenye ua wa kihamba, shamba lao la nyumbani, akalifunga fundo kama alivyoelekezwa, kisha akaketi juu ya kigogo nje ya jiko akiwa amelishika kwa vidole viwili, kama mtu anayesubiri zamu yake kwa kinyozi.

Dada yake, Aikande, alikuwa akimtazama kupitia mlango wa jiko. Hakumwona akitikisa mguu wala akitazama barabara ambayo wageni wangetokea.

"Kaka, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Nderingo akafikiri. "Nilichopewa."

"Mwache," alisema shangazi Aisaria, aliyekuwa ameinamia pipa akichuja mbege. Mikono yake ilikuwa imelowa hadi kwenye viwiko na jiko zima lilinuka ndizi na ulezi. "Zamani nikikoroga hivi, huyu alikuwa anaanza kuimba kabla hajaonja. Leo nimempitishia chini ya pua, akanitazama kama nimechota maji ya kufulia." Akakamua chujio. "Na wewe usinitazame hivyo. Alama yangu nyekundu kuliko kitunguu. Walikuja kuniambia nikachome sindano, nikawaambia subirini nife, mchome maiti, haitawasumbua."

Aikande aliketi akamenya viazi ambavyo havikuhitajika.

Huku Machame sale ni mpaka wa shamba, na ni mpaka wa hasira pia. Mtu akikujia na jani hilo limefungwa fundo, hata kama amemwaga damu ya ndugu yako, unalipokea kwa mikono miwili, mnakunywa, yanaisha. Theluji ilikwisha mlimani, kahawa ikahamia juu msituni kufuata baridi, magari yakajifunza kujiendesha, lakini sale lilibaki. Serikali yenyewe ilikuwa imeliingiza katika sheria: familia ikipokea jani mbele ya wazee, shauri linafungwa. Wazee hawakumkumbuka mtu aliyewahi kulikataa, na kama aliwahi kuwapo, basi hawakumtaja jina.

Leo jani lilikuwa linaletwa kwa Aikande, kwa ajili ya mama yake.

Mama alikuwa na ugonjwa wa moyo. Dawa yake ya kuweka chini ya ulimi ilikaa kwenye kabati sebuleni, na siku ile ya Agosti, mchana kweupe, alizidiwa akiwa kitandani. Aikande alikuwa juu kwenye mfereji, kazini kwake, akigawa maji ya mashamba. Nderingo alikuwa nyumbani. Aliwaeleza polisi, akamweleza mchungaji, akamweleza na dada yake, kila mara kwa maneno yaleyale na sauti ileile.

"Nilimsikia. Aliita kwa nguvu, halafu akaita polepole. Nilijua anataka dawa. Nilikuwa napukuchua maharage, nikaona nimalize kwanza."

Alimaliza. Maharage yalikutwa safi ndani ya ungo, maganda yamekusanywa pembeni.

*

Tulizo lilikuwa sindano moja tu.

Watu wengi walidhani sindano ile inaua jeni ya ulevi. Hakuna jeni ya ulevi. Kuna jeni nyingi mno, kila moja ikivuta uzi wake mwembamba: huyu akae macho akiwaza, yule arudie kikombe, mwingine aamke asubuhi akiona dunia imemgeuzia mgongo. Mashine za Kituo cha Tulizo zilisoma mate ya mtu, zikajumlisha nyuzi zote, zikaongeza majibu ya maswali machache kuhusu maisha yake, kisha zikatoa alama. Kijani, njano, nyekundu. Mwenye nyekundu hakupewa leseni wala hakuajiriwa penye mashine, na mkwe mtarajiwa aliuliza alama yako kabla hajauliza ukoo. Dawa ilipelekwa ubongoni na virusi waliofugwa kwa kazi hiyo, nao walizinyamazisha jeni husika kwa kiwango ambacho alama ilidai.

Ilifanya kazi. Aikande hakuwa mtu wa kukataa alichokiona. Kijana wa jirani yao, aliyekuwa akiokotwa mitaroni, sasa alikuwa amemjengea mama yake nyumba ya matofali. Watu waliolala macho miaka mingi walilala. Wakaitwa "waliotulia", na mwanzoni lilikuwa jina la sifa.

Kilichochelewa kusemwa ni kwamba nyuzi zile hazikufungwa kwenye pombe peke yake. Uzi unaomrudisha mtu kwenye kikombe ndio huohuo unaomrudisha nyumbani, na wasiwasi unaomkosesha usingizi ndio unaomwinua mtoto anapokohoa. Kwa dozi ndogo nyuzi hulegea tu, mtu akabaki mtu. Kwa dozi kubwa hukatika.

Nderingo alipewa dozi kubwa. Mkewe alivumilia msimu mmoja wa kahawa. Alipoondoka hakusema amepigwa wala ametukanwa. Alisema alikaa kwao majuma mazima bila kuaga, aliporudi hakuulizwa alikuwa wapi, na yeye hawezi kuishi na mtu ambaye hata akifa atamruka akipita. Alimwacha binti yao, Nsia, kwa sababu mama yake Nderingo alimshika mtoto akakataa kumwachia. Sasa mama huyo alikuwa kaburini chini ya migomba, na mtoto alikuwa wa Aikande, akisoma darasa la pili. Alama yake ilikuwa nyekundu. Sindano za watoto wenye alama nyekundu zilipangwa kuanza Januari, shule zitakapofunguliwa.

*

Wageni walifika jua likiwa juu ya paa. Baba mkubwa Sindato, mkubwa wa ukoo, alitangulia na fimbo yake, akifuatwa na wazee wengine anaoketi nao benchi la mbege. Nyuma yao likaja gari jeupe lisilo na dereva, likasimama lenyewe chini ya mparachichi. Akashuka Dakta Ombeni Nkya, mkuu wa kituo, mtu wa makamo mwenye viatu visivyojua matope. Barabarani, mbali kidogo, lilisimama gari la pili. Ndani yake walikaa askari wawili wakila mahindi.

Nderingo alibaki kwenye kigogo chake. Utaratibu ulikuwa kwamba watu wanywe kwanza, jani lifuate.

Sindato aliionja mbege mbele ya wote kuonyesha haina ubaya, akafuta masharubu, na kata, kibuyu kikubwa cha kunywea, ikaanza safari yake kwenye benchi. Kila mzee alipokea, akanywa funda, akampa wa pembeni. Ilipomfikia daktari aliigusisha midomo kwa heshima.

"Kunywa, mangi," Sindato alimwambia. "Mbege haimli mtu. Mimi na uzee huu, jana kwa Lema nimekunywa kata tano, na leo nimepanda mlima kwa miguu yangu."

"Kata tano pamoja na benchi zima," shangazi Aisaria alisema kutoka mlangoni. "Wewe ulilowesha masharubu tu, kaka."

Wazee wakacheka.

"Aliyekaa benchi amekunywa kata," Sindato alijibu bila haya. "Hivyo ndivyo inavyohesabiwa. Ukiipokea na kuipitisha, imekuwa yako. Ulitaka nihesabu mafunda kama mtoto?"

Daktari peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama ndani ya kata, na masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

Aikande aliona. Akakumbuka siku aliyomsindikiza kaka yake kwenye kipimo: chumba cheupe, na mashine iliyozungumza kwa sauti ya mwanamke mpole wa redioni. *Kwa kawaida unakunywa kiasi gani kwa siku?* Nderingo alikuwa amevaa shati la kanisani, hakutaka kuonekana mwanamume wa kunyimwa kiti kwenye benchi. Akajibu kwa majivuno kidogo: kata nne, tano, na siku ya sherehe usiulize. Mashine ikamshukuru.

Kata moja ya kwao, peke yake, inaweza kumlaza mtu mzima.

Aliweka chini bakuli la viazi. "Dakta," alisema, "kabla hatujaendelea, naomba nikuonyeshe kaburi la mama."

Sindato akaitikia kwa kichwa. Aliona ni adabu nzuri.

*

Walisimama migombani, kaburi likiwa katikati yao. Udongo wake ulikuwa bado mwekundu.

"Mashine yenu iliijua kata?" Aikande aliuliza. "Iliambiwa kwamba inanywewa na benchi zima?"

Daktari hakujifanya haelewi. Kwa hilo, baadaye, Aikande alimpa haki yake.

"Iliambiwa ujazo wa kata tu," alisema. "Jeni za Nderingo zilistahili dozi ya kati. Majibu yake ndiyo yaliyoipandisha. Na si yake tu. Kata zote za mbege zilizotajwa wilaya hii tulizihesabu hivyo."

"Mlijua lini?"

"Mei."

"Mama amekufa Agosti."

"Najua."

Upepo ulipita kwenye majani ya migomba. Aikande aliondoa jani kavu lililoangukia kaburi.

"Wewe ni Nkya wa pale juu ya kanisa," alisema. "Babu yako alikuwa na benchi. Hujawahi kuketi?"

"Nilipelekwa bweni nikiwa mdogo sana. Likizo zangu nilikuwa Dar es Salaam." Alisema kama anayejibu polisi. "Niliandika mimi swali lile. Niliambiwa niliweke katika lugha ya wenyeji, nikaona kata itawapa raha kuliko lita. Nilijisikia nimefanya jambo la kwetu."

"Mlipojua, mbona hamkuja kutuambia?"

"Kwa faida gani? Jeni ikishanyamazishwa hivyo hatuna cha kuiamsha. Tungewatia hofu tu."

"Hofu mlishaitoa, Dakta. Mngetutia hofu sisi tuliobaki, tusingemwachia mgonjwa."

Dakta Nkya aliinamisha kichwa. Aikande hakuona kama ni aibu au anatazama viatu vyake.

"Na watoto wa Januari?"

"Watoto hawanywi."

"Nimejibu maswali ya Nsia kwa mkono wangu. Mliniuliza nyumbani kwake hunywewa kiasi gani kwa siku. Unajua nilijibu nini? Nilijibu kama watu wa hapa wanavyojibu."

"Toleo jipya litarekebisha hilo."

"Litakuja lini?"

"Baada ya awamu hii."

"Yaani baada ya Nsia."

"Baada ya awamu hii," alirudia, safari hii kwa sauti ndogo. "Awamu imeshasainiwa juu, Aikande. Kuna wakubwa wa wizara wameshapiga nayo picha. Nikisema nisimamishe, nitaondolewa mimi, na atakayekuja atachoma hivyohivyo."

"Kwa hiyo mnataka jani."

"Sikiliza. Sitakudanganya." Akamtazama kwa mara ya kwanza. "Usipolipokea, shauri linabaki wazi, na likiwa wazi, sindano za watoto zinasimama wilaya nzima. Hiyo ni sheria. Lakini Baraza litakalosikiliza shauri litauliza ni nani aliyemwua mama yenu, dawa au mtu. Wanasheria wetu watasema dawa haikumfunga miguu. Watasema alimsikia, akajua, akachagua maharage. Yeye mwenyewe atakubali, kwa sababu atajibu kila anachoulizwa. Wale askari wataondoka naye leo."

"Na wewe utakuwa umekaa wapi wanasheria wenu wakisema hayo?"

"Kuna jambo jingine. Masama kuna mvulana wa miaka kumi. Baba yake alijinyonga, na babu yake kabla ya baba. Ameanza kukosa usingizi. Yule ninamhitaji Januari, na dozi yake ni sahihi, kwao hawanywi kabisa. Ukisimamisha, unamsimamishia na yeye."

Aikande alitamani mvulana yule asiwepo, akajichukia kwa kutamani hivyo.

"Umelala lini vizuri?" daktari alimwuliza, sasa kwa upole wa kazini. "Alama yako nimeiona. Jeni zako ni za kaka yako na za baba yenu. Hasira hii unayoisikia siyo yote yako. Hata wewe tungeweza kukupunguzia mzigo."

Labda alikuwa anasema kweli. Ndicho kilichomuuma Aikande. Usiku alikuwa akilala macho akisikia maji ya mfereji yakigonga mawe, akijua ni mlango upi umefunguliwa na shamba la nani linaibiwa, na asubuhi machozi yalikuja bila sababu akiwa anapiga mswaki. Baba yake alikuwa hivyo mpaka pombe ilipommaliza.

"Hasira ikiwa ya jeni zangu," alisema, "kukosa kwako haya tangu Mei ni kwa jeni za nani?"

Akamwacha hapo na kaburi.

*

Nderingo alisogea kidogo kwenye kigogo ili dada yake apate nafasi. Wema wa aina hiyo alikuwa nao bado.

"Unataka nikusamehe?" Aikande aliuliza.

"Wamesema nilete jani."

"Sijakuuliza wamesema nini. Wewe unataka?"

Waliotulia hawadanganyi. Uongo unahitaji mtu awe na kitu anachokitaka. Nderingo aliligeuza swali kwa muda, kwa uaminifu wote, akarudi mikono mitupu.

"Sioni tofauti."

"Nisipolipokea utafungwa."

"Nimeambiwa."

"Unaogopa?"

"Hapana."

"Na Nsia? Utamkumbuka Nsia?"

"Nitajua kwamba yupo."

Mbele yao kuku alikuwa akiparua maganda ya viazi. Kaka yake huyu ndiye aliyembeba mgongoni kuvuka mto mafuriko yalipochukua daraja, akipiga kelele za woga njia nzima kwa sababu hakujua kuogelea, na bado akavuka. Alimwogopa mama yao. Alimwogopa mchungaji. Aliogopa kila kitu duniani, maskini, ndiyo maana alikunywa.

"Nderingo. Ungekuwa yule wa zamani, ungeniambia nifanyeje?"

Alikaza fundo la jani.

"Yule angelia," alisema. "Angesema nini baada ya kulia, sijui. Alikuwa hatabiriki."

Hata ruhusa hakumpa.

Hapo ndipo wazo lilipomjia, nalo lilikuja likiwa limenyooka na baridi kama kisu. Kaka yake hataumia. Wamfunge, wamlaze sakafuni, wamlishe maharage yenye wadudu, atalala usingizi wake mzito na kuamka hana neno. Yule ambaye angeumia walishamwondoa siku ya sindano. Akipokea jani atakuwa ameokoa mtu asiyehitaji kuokolewa, na amemtoa sadaka mtoto anayelia akitoneshwa kidole. Hesabu ilikuwa rahisi.

Lakini aliitambua hesabu hiyo. Ilikuwa ni hesabu ya kituo: asiyeumia anaweza kufanyiwa lolote. Alikuwa ameketi karibu na kaka yake, bega kwa bega, joto la mwili wake likimfikia, na tayari alikuwa ameshaanza kumfikiria kama kitu cha kulipia deni.

Sindato aliita kutoka uani. Muda ulikuwa umefika.

*

Wazee walisimama. Nderingo akaja mbele ya dada yake, akapiga goti moja kama alivyofundishwa, akanyoosha jani kwa mikono miwili. Fundo lilikuwa limefungwa vizuri. Siku zote alikuwa na mikono mizuri.

"Dada, nimekosa. Nakuletea sale."

Aikande alipeleka mikono yake nyuma ya mgongo.

Kwanza watu walidhani anapanga kanga. Kisha ikasikika mbege ikichemka yenyewe ndani ya pipa.

"Aikande," Sindato alisema taratibu. "Umeona kilichoko mbele yako?"

"Nimeona, baba mkubwa."

"Ni sale."

"Ni sale."

"Lema alipomkata baba yako panga kwa sababu ya ule mpaka pale, baba yako aliletewa jani damu haijakauka. Alipokea kwa mkono uliobaki mzima. Mimi nilikuwepo."

"Na Lema alikuwaje, baba mkubwa?"

"Alikuwa analia."

"Alilileta kwa sababu asingeweza kulala. Kaka yangu analala. Amekata jani kwa sababu ameambiwa akate, na ungemwambia akate kuni angekata kuni. Anayeomba msamaha hapa ni lile gari pale." Akaelekeza kidevu chini ya mparachichi. "Na lenyewe halijapiga goti."

Dakta Nkya alipiga hatua moja mbele, akafungua mdomo. Kama angepiga goti wakati ule, Aikande hakujua angefanyaje. Alikuja kulifikiria jambo hilo usiku baada ya usiku. Daktari alitazama gari, akatazama viatu vyake, akaufunga mdomo.

"Huyu ni ndugu yako wa tumbo moja," Sindato alisema.

"Najua ni nani."

"Unamtupa."

"Ndiyo," alisema Aikande. "Namtupa."

Mzee aliipindua kata juu ya benchi, mbege iliyobaki ikamwagika ikafuata nyufa za ubao. Wengine wakachukua fimbo zao. Lilikuwa tendo ambalo Aikande alilisikia tu katika masimulizi.

"Basi sisi nyumba hii hatuijui. Kwa harusi wala kwa msiba."

"Mimi nitakuja," shangazi Aisaria alisema, akikung'uta mikono. "Pipa ni langu." Lakini hakumtazama Aikande aliposema, na alipopita karibu naye aliingia ndani kuanza kukusanya vyombo vyake.

Askari walikuja wakiwa bado wanajifuta midomo. Walikuwa vijana wastaarabu, walimwita Nderingo kaka. Alisimama alipoambiwa asimame. Mkononi jani lilikuwa bado.

"Hili nilipeleke wapi?" aliuliza.

Akamtazama mmoja baada ya mwingine, kisha akaliweka juu ya benchi, pembeni, mahali ambapo mbege haikufika, akaenda nao.

*

Nsia alitokea kwenye kona ya shule wakati gari la polisi linageuza. Alimwona baba yake dirishani, akapunga mkono. Nderingo alimtazama, akapunga vilevile, sawa na jinsi mtu anavyorudisha chenji. Mtoto akaanza kukimbia. Alikimbia na mkoba ukimgonga mgongoni mpaka kiatu kimoja kikamvuka, akaendelea na kimoja, akiita, mpaka gari likazama kwenye mteremko.

Aikande alimkuta ameketi katikati ya barabara. Akainama kumwinua. Nsia alimpiga mkono.

"Shangazi Aisaria amepita na vyombo vyake, ameniambia. Ni wewe umemfukuza baba."

Kulikuwa na mengi ya kusema. Kulikuwa na bibi yake, na Januari, na mvulana wa Masama ambaye usiku huu hatapata usingizi na hatajua ni nani aliyemnyima. Kulikuwa na askari, na sheria, na kata. Aikande alitafuta neno ambalo mtoto wa darasa la pili angeweza kulishika, akaona yote ni maneno ya mtu anayejitetea.

"Ndiyo," alisema. "Ni mimi."

Nsia alimtazama huku kamasi na vumbi vikimchirizika usoni. Halafu akasema, wazi, akilitoa kila neno kama anasoma mbele ya darasa, kwamba anamchukia, na akiwa mkubwa hatamzika.

Aikande aliketi chini kwenye vumbi, mbali kidogo, mahali ambapo mtoto angeweza kumwona bila kumfikia. Hakumnyamazisha. Nsia alimchukia mchana kutwa kwa moyo wake wote, na moyo ulikuwa mzima.